Nilikuwa Mkalimani Homa Bay, Leo ni Seremala Migori

Ndugu zangu wapendwa, jina la Bwana litukuzwe kati yetu asubuhi hii ya Sabato! Nawasalimu nyote, ninyi wa hapa Migori na ninyi mliotembea kutoka upande wa Kehancha, pamoja na wageni wetu.

Sauti mnayoisikia ni ya mke wangu Dorka. Maneno ni yangu mimi, Zablon Omolo, niliyeketi hapa kando yake. Wanaonijua wanajua kwamba sauti yangu haivuki benchi ya pili. Kwa hiyo nimeandika, naye atasoma. Nimemwomba asome yote, hata yale yanayomsifu yeye, maana najua hayo ndiyo angetaka kuyaruka. Ninamfuata kwa kidole kwenye karatasi.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani tuko Wajaluo, tuko Wakuria, na wako wengine waliokuja kwa biashara, na sipendi mtu yeyote ahitaji kufasiriwa. Kufasiri ilikuwa kazi yangu kwa miaka mingi. Habari ya kazi hiyo, na jinsi nilivyoiacha, ndiyo niliyokuja kuwashuhudia.

Nilizaliwa Suna, si mbali na hapa. Baba yangu alikuwa Mjaluo. Mama yangu alikuwa Mkuria, binti wa watu wa Ntimaru. Nyumbani tulisema lugha ya baba na lugha ya mama bila kujua kwamba ni jambo la ajabu. Shule ya misheni ikaniongezea Kiswahili na Kiingereza. Nilipokuwa kijana, Wazungu wakiwa bado wanatawala, nikaandikwa kazi mahakamani Homa Bay, nisimame kati ya hakimu na mshtakiwa, nigeuze maneno ya huyu yafike kwa yule.

Ndugu zangu, niliipenda kazi ile. Nilivaa shati jeupe ambalo Dorka alilipiga pasi ya makaa kila asubuhi. Nilikuwa na sauti nzito iliyofika mpaka kwa watu waliosimama nje ya madirisha. Kanisani niliimba besi. Nikipita sokoni watu walinisalimu kwa heshima, na wengine waliniita bwana mahakama, ingawa sikuwa na uwezo wa kumfunga hata kuku. Kanuni yangu ilikuwa moja: alichosema mtu ndicho unachosema. Huongezi, hupunguzi. Niliapa hivyo mbele ya Biblia, na nilikishika kiapo changu.

Sasa niwaeleze kesi moja, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata.

Mwaka ule wa mvua kubwa, ziwa lilipopanda likafunika mashamba ya watu wa kando ya maji, aliletwa mahakamani mwanamume mmoja wa Ntimaru aitwaye Mwita. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana. Alikuwa amempiga jirani yake kwa rungu akamvunja mkono, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hakukana. Hakimu, ambaye alikuwa Mzungu, aliniambia nimuulize kama anajuta. Nikamuuliza kwa Kikuria. Mwita alifikiri kidogo, kisha akasema, "Nilimpiga, na akirudi kusogeza mpaka nitampiga tena."

Nikageuka nikalisema neno hilo kwa Kiingereza, kama lilivyo. Hakimu akasimamisha kalamu yake akaniuliza kama kweli ndivyo alivyosema. Nikamjibu kwamba ndivyo. Basi Mwita akapewa kifungo kirefu kuliko watu walivyotazamia.

Nilipotoka nje, jamaa zake walikuwa wananingoja. Walisema mimi ni mtoto wa binti yao, nimenyonya maziwa ya kwao, ningeshindwaje kulilainisha neno moja tu? Niliwaeleza habari ya kiapo. Hawakutaka kusikia. Mimi sikuona kosa, na hata leo silioni. Lakini Mwita alipokuwa akipelekwa kwenye gari la gereza, alimpita hakimu bila kumwangalia, akanitazama mimi. Mtazamo ule nilikwenda nao nyumbani. Tangu siku hiyo nikawa sipendi kwenda Ntimaru, hata kwa mazishi ya watu wa mama yangu.

Uhuru ukaja. Tukapandisha bendera, tukaimba hadi sauti zikakauka. Baada ya sherehe zile sauti yangu ikawa inakwaruza. Nilidhani ni kuimba. Miezi ikapita, ikazidi kukwaruza. Dorka alinichemshia dawa za majani, akanisukuma niende hospitali ya misheni, nami nikawa nasema kesho. Siku moja mahakamani nilifungua kinywa na hakikutoka kitu. Hakimu, ambaye sasa alikuwa Mwafrika, alinipa maji. Nikanywa, nikajaribu tena. Watu wote walikuwa wakinitazama, na mshtakiwa masikini naye alikuwa ananingoja nimwambie ameulizwa nini.

Daktari wa misheni aliangalia koo langu, akaniandikia kwenda Nairobi. Tulipanda meli pale Homa Bay hadi Kisumu, mimi na Dorka, na kutoka hapo tukapanda treni. Nairobi wakanieleza kwamba kuna kitu kimeota kooni, na kwamba kisipotolewa kitaniua. Kikitolewa kitaondoka na sauti. Waliniuliza nachagua nini. Nilimwangalia Dorka. Akawajibu yeye, "Kitoeni. Mimi nitasikia hivyo hivyo."

Najua hapa atasita kusoma, lakini ndivyo alivyosema, na mimi nilikuwepo.

Wakanipasua. Nikapona. Nikarudi nikiwa na kovu hili shingoni na mnong'ono huu nilio nao. Namshukuru Mungu kwa mikono ya wale madaktari!

Lakini, ndugu zangu, mtu anaweza kupona mwili na bado akawa chini kabisa.

Mkalimani asiye na sauti hana kazi, hilo halihitaji kuelezwa. Ofisini walinihurumia, wakaniweka chumba cha mafaili. Lakini watu walikuja dirishani kuuliza habari za kesi zao, nami nikinong'ona wanasema, "Eti nini?" mpaka wanakasirika. Wakati huo vijana wenye vyeti vya shule kubwa walikuwa wanatafuta kazi kila mahali, na mimi elimu yangu ilikuwa ile ya zamani ya misheni. Wakanipa mkono wa kwaheri vizuri, kwa chai na maneno mazuri. Siwalaumu. Tukafunga vitu vyetu tukarudi Suna.

Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Watoto walikuwa shuleni. Nilijaribu kulima. Dorka, ambaye ni nyar Rangwe, binti wa Rangwe, na watu wa huko wanajua jembe, alikuwa akinipita mistari miwili kabla sijamaliza mmoja. Nilijaribu kuuza nguo kuukuu sokoni, lakini muuzaji asiyeweza kuita wateja anasimama tu kama nguzo. Niliomba kazi kwa wenye maduka, nao waliinamisha sikio kunisikiliza, kisha wakatikisa kichwa.

Na kanisani pia ilikuwa vigumu. Mliniombea. Wengi wenu mlioketi hapa mliweka mikono juu ya koo langu mkafunga kula, mkalia mbele za Mungu ili sauti irudi. Nawashukuru kwa moyo wote. Haikurudi. Watu wawili watatu wakasema imani yangu ni ndogo. Mimi nilikuwa naketi nyuma, besi zinaimbwa na watu wengine, nami nafungua kinywa kama samaki. Nikaacha kuja. Nilikuwa nalala mchana kutwa nikiangalia ukuta, na nilimwomba Mungu anichukue. Nawaambia wazi ili mjue nilikuwa wapi. Nilimwona Dorka anarudi kutoka shambani, anapika, anaosha watoto, na moyoni nikasema hata mimi nisipokuwepo, nyumba hii itakwenda vile vile.

Sasa, mlango wa nyumba yetu ulikuwa umeliwa na mchwa. Dorka aliweka akiba yake akaenda kwa fundi mmoja nyuma ya soko la ng'ombe hapa Migori, akaagiza mlango na fremu yake. Aliporudi aliniambia fundi anafanya kazi peke yake, na anahitaji mtu wa kumshikia mbao ndefu anapokata. Asipopata mtu, atachelewa.

Nikamuuliza atampata wapi mtu.

Akasema, "Nimemwambia nina mume."

Basi asubuhi nikaenda. Nilikwenda kwa sababu ya aibu tu, nisionekane nimelala wakati mlango wangu mwenyewe unatengenezwa. Nilipofika kwenye kile kibanda cha mabati nikaona mgongo wa mtu, mfupi, mabega mapana, anapiga randa. Akageuka. Alikuwa Mwita.

Alikuwa na mvi kidogo, ila macho yalikuwa yale yale. Aliniangalia kwa muda, akaangalia kovu la shingoni. Akasema, "Mkalimani." Kisha akainua ncha ya ubao akanipa. "Shika hapa."

Nikashika. Alikata mbao mchana kutwa, na mimi nilishika mchana kutwa, na hakusema kitu kingine ila "vuta" na "geuza" na "teremsha." Alikuwa na msumeno mkononi na mimi nilikuwa nimeinama mbele yake. Nilimngoja alitoe lile alilolihifadhi gerezani kwa ajili yangu. Hakulitoa. Jioni akafagia takataka za mbao, akafunga, akaenda zake.

Nyumbani nikamweleza Dorka fundi ni nani. Alikuwa anaikumbuka kesi ile vizuri. Akanitazama juu mpaka chini.

"Amekudhuru?"

Nikatikisa kichwa.

"Mlango umekwisha?"

Nikatikisa kichwa tena.

"Basi kesho urudi," akasema, akaendelea kusonga ugali.

Nilirudi. Nilikuwa nimeomba usiku kucha, si kwa maneno mengi. Niliomba Mungu anipe nguvu ya kumuuliza, maana niliona nikiendelea kushika mbao vile nitazimia. Tulipokuwa tunakata upande wa fremu nikamgusa mkono. Nikanong'ona kwa Kikuria. Hakusikia. Akaweka msumeno chini, akazunguka ubao, akaja akaleta sikio lake karibu na mdomo wangu. Nikamuuliza kama ananichukia.

Alifuta jasho kwa mkono. Kisha akasema maneno haya, nami nayaandika kama nilivyokuwa nikifanya mahakamani, siongezi wala sipunguzi.

"Gerezani nilikuwa na hasira na watu wengi. Wewe hukuwamo. Kile chumba chote kiliongea Kiingereza juu ya kichwa changu, na wewe ndiye uliyesema nilichosema mimi. Jamaa zangu walitaka ukilainishe. Ungekilainisha, ningefungwa kwa maneno ya mtu mwingine. Nilifungwa kwa maneno yangu mwenyewe, na hayo naweza kuyabeba."

Nikamuuliza mbona basi alinitazama vile siku ile.

"Nilikuwa nataka kukuambia hivyo, na askari walikuwa wananivuta." Akarudi upande wake. "Shika mbao vizuri, inaanguka."

Ndugu zangu! Miaka yote ile nilikuwa nimebeba hukumu ambayo hakuna mtu aliyeitoa. Nilimwomba ruhusa, nikazunguka nyuma ya rundo la mbao, nikapiga magoti kwenye vumbi la msumeno. Sikuomba sauti. Kwa mara ya kwanza tangu Nairobi sikuiomba. Nilisema asante, nikasema tena, na nikaona kile kitu kizito kilichokuwa kimenilalia kifuani kinainuka kama mtu aliyeketi juu yangu ameamua kuondoka. Hapo ndipo Bwana aliponitoa. Mkitaka kujua mahali, ni nyuma ya soko la ng'ombe, karibu na rundo la mbao za mvule.

Mlango ulipokwisha tuliubeba pamoja mpaka Suna, tukaufunga kwenye bawaba zake. Dorka akampikia kuku. Na kabla hajaondoka nikamwambia nataka anifundishe kazi.

Mwita alinishika mikono akaigeuza. Akasema hii ni mikono ya kalamu. Nikakubali. Akasema itauma. Nikakubali. Akasema yeye kazi alifundishwa gerezani na mtu mkali, na hajui kufundisha kwa njia nyingine. Nikakubali hilo pia. Akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona anacheka, akamwambia Dorka, "Huyu mpwa wetu anakubali kila kitu. Alikuwa hivi hata kwa hakimu?"

Nikaanza. Sitawachosha na habari za kujifunza. Mikono ilipasuka, ikapona, ikapasuka tena. Niliharibu mbao nzuri. Kigoda changu cha kwanza kilitikisika kama ndama aliyezaliwa leo, na Mwita alikiita ndama hadi wateja wakauliza kwa nini. Nilikuwa mzee kuliko mwalimu wangu. Watu waliokuwa wakiniita bwana mahakama walipita wakaniona nina vumbi hadi kwenye nyusi, wengine wakageuza uso wasiniaibishe. Iliniuma. Lakini jioni nilikuwa nafika nyumbani nikiwa na njaa, nakula, nalala usingizi. Mtu aliyewahi kukosa vitu hivyo vitatu anajua thamani yake. Nikaanza pia kuja kanisani tena, nikaketi mbele.

Jaribu kubwa lilitoka nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa, Elisha, wengi mnamfahamu, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule ya harambee kule kwetu. Nina ruhusa yake kusema haya. Shule ilikuwa imejengwa kwa jasho la watu, kuta zimesimama, na sasa zinatakiwa madawati ya madarasa yote. Kwa seremala hiyo ni kazi ya mwaka mzima. Mimi na Mwita tulikuwa tumeisikia, tukawa tunaiombea, mimi kwa njia yangu na yeye kwa njia yake.

Elisha akaniita kwake. Dorka alikuja nami. Kaka alinikaribisha vizuri, akasema kamati imekubali kazi iwe yangu. Nikafurahi sana. Kisha akasema lakini iwe yangu peke yangu. Wazee hawataki kusikia kwamba madawati ya watoto wao yametengenezwa na mfungwa. Nifungue kibanda changu hapo nyumbani, watanisaidia kupata vyombo, na yule Mkuria abaki na soko lake. Akasema ananifanyia hivyo kama ndugu. Akasema mimi nilisimama miaka mingi karibu na hakimu, na sasa nimekuwa mtoto wa kazi wa mtu niliyemsaidia kufungwa. Marehemu baba yetu angesema nini?

Nilijua Elisha ananipenda. Alilipa karo ya watoto wangu nilipokuwa Nairobi. Na nilimwona Dorka pembeni, ameinamisha macho, na nilijua anafikiria muhula unaokuja.

Nikaanza kumjibu. Alikuwa bado anaongea, amepandisha sauti, ameanza kukasirika kwa sababu anaona nakataa. Nikasema tena. Akapiga meza.

"Sema kwa sauti!"

Elisha alikuwa mmoja wa wale waliofunga kula kwa ajili ya koo langu. Aliweka mkono mdomoni. Sijawahi kumwona kaka yangu akiwa mdogo namna ile. Alisogeza kiti chake, akakileta mpaka magoti yetu yakagusana, akasema polepole, "Omera, ndugu yangu, nisamehe. Nakusikiliza."

Nikamweleza yote. Nikamweleza maneno ya Mwita kama yalivyo. Nikamwambia mimi bado ni mwanafunzi, hata dawati moja sijui kuliunganisha bila yeye kuniangalia. Nikamwambia mtu yule alinipa ncha ya ubao kabla sijamwomba chochote, wakati wenzangu walikuwa wamenipa pole tu. Mkitaka madawati, ni yake, nami nitapiga randa. Msipomtaka yeye, hamnitaki mimi.

Elisha alisikiliza mpaka mwisho. Lakini alisema hawezi kuwashinda wazee. Kazi ilipewa fundi mwingine.

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba Mungu aliigeuza kamati siku ile ile. Hakuigeuza. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Dorka, nami njia nzima nikaogopa kumwangalia. Tulipofika mlangoni alisimama, akauangalia ule mlango, akaufungua na kuufunga mara mbili.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Kesho nitapeleka mbuzi sokoni."

Akampeleka. Mwaka ule tulikula kwa shida. Mwita nilipomweleza kilichotokea alimaliza ubao aliokuwa akiupiga randa, kisha akanipa patasi yake nzuri, ile aliyokuwa hamruhusu mtu kuigusa, akasema kuanzia leo matundu ya fremu nitachimba mimi. Tulitengeneza vigoda, vitanda, rafu za maduka. Tulitengeneza majeneza pia, maana hayo hayakosekani. Niliona kwamba mtu aliyefiwa anapokuja, mnong'ono wangu haumsumbui. Anakaa karibu, tunaongea chini chini, anaeleza marehemu alikuwa mrefu kiasi gani, analia kidogo, anakwenda. Mwita alisema niwapokee mimi hao siku zote.

Kazi ikaongezeka polepole. Mtu mmoja anamwambia mwingine, hivyo tu. Na msimu wa mavuno uliopita, Elisha alikuja kwenye kibanda. Binti yake anaolewa, na anataka kitanda. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akauliza nani fundi mkubwa hapa. Nikamwonyesha Mwita. Kaka yangu akavuka vumbi akampa mkono, akamwita fundi, akaanza kumweleza kitanda anachokitaka. Walibishana kuhusu miguu ya kitanda hadi chai ikapoa. Mimi niliendelea na kazi yangu, kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji na sikutaka waone.

Mwita hajaokoka. Ameniomba niseme hivyo waziwazi, asije akapongezwa njiani kwa kitu ambacho hajakifanya. Hivi sasa yuko kazini, upepo ukivuma huku mnaweza kumsikia. Namwombea, naye anajua namwombea, na anasema haimzuii kufanya kazi.

Na sauti yangu haijarudi. Wale mnaoendelea kuniombea, asanteni, msiache. Bwana akipenda kuirudisha nitaimba besi mbaya kwa furaha. Asipopenda, mimi ni mzima. Nina kazi, nina mke huyu, nina ndugu wa tumbo moja na ndugu wa randa moja. Nilimwomba Mungu anichukue, akakataa! Alinitafuta akanikuta nimelala kifudifudi, akamtumia mchwa, akamtumia mwanamke anayejua jembe, akamtumia mtu wa Ntimaru niliyekuwa nikimkimbia.

Sasa nawageukia wanaume walioketi kule nyuma, karibu na dirisha. Nawaona. Mgodi wa dhahabu umefungwa, na wengi wenu mlishuka chini ya ardhi tangu ujana wenu, na sasa mnaambiwa umri umepita. Najua mnavyoamka. Najua mnavyoiangalia mikono yenu. Sitawaambia kwamba kazi yenu ya zamani itarudi, kwa sababu sijui. Ninachojua ni kwamba Bwana hajamaliza na mtu aliyepita miaka arobaini. Mtegemeeni. Mwambieni hata yale mnayoona haya kumwambia, yeye hasemi "eti nini," anasikia hata mnong'ono.

Na kesho Jumapili, yeyote kati yenu anayetaka, aje nyuma ya soko la ng'ombe. Tunafungua mapema. Mbao zimefika nyingi, ndefu, na sisi tuko wawili tu. Kuna nafasi ya mtu wa kushika upande wa pili. Amina.